Mbele Mzungu, Nyuma Mjapani, Jikoni Sisi

Mwaka wa 1971, nikiwa na miaka minane, harufu ya uji wa muhogo ilikoma kuwa harufu ya chakula ikawa harufu ya kazi. Mpaka leo nikiinusa, tumbo linasema kula na mikono inasema fanya. Naandika haya Doha, katika fleti yangu ya mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, juu ya duka la kinyozi, kiyoyozi kikinguruma kama mtu aliyekula akashiba. Sikuwa na nia ya kuandika. Lakini juma lililopita mjukuu wangu Sela, binti wa binti yangu muuguzi, alinisogezea simu yake usoni. Huniita Kukhu, yaani nyanya, kwa lugha ya kwetu. Akasema, "Kukhu, hii si ile nyumba yako ya karatasi?" Nikavaa miwani. Ilikuwa yenyewe. Imepakwa rangi upya, imezungushiwa kamba ili watu wasiguse kitu, na sasa inaitwa nyumba ya kihistoria. Watu hulipa kuingia. Chini ya picha kuna maelezo marefu ya kumsifu Mzungu aliyeijenga na Wajapani aliowaiga. Sisi hatumo, hata kwa nukta. Basi mimi niliyeishia darasa la tatu nimevuta kiti niwaeleze nyumba ile ilikuwa nini. Anayetaka Kiswahili cha chuo aende chuoni.

Nyumba yenyewe ilikaa kilimani, juu ya mji mdogo wa soko magharibi mwa Kenya. Ilijengwa zamani za ukoloni iwe makao ya DC, yaani Mkuu wa Wilaya. DC wa kwanza, kabla ya kuletwa kwetu, alikuwa ametumikia serikali yake huko Mashariki ya Mbali, akaipenda Japani mpaka ikamtia wazimu. Upande wa mbele alijenga nyumba ya Kizungu kamili: mawe ya kuchonga, veranda yenye nguzo, madirisha ya vioo, na mahali pa kuotea moto ambapo ungeweza kuchoma mbuzi mzima. Lakini ukivuka ukumbi ulikutana na kizingiti kimoja cha mbao, na ng'ambo ya kizingiti hicho dunia ilibadilika. Hapakuwa na jiwe tena. Kulikuwa na nguzo za mwerezi zilizonukia mvua ikinyesha, paa lenye upenu mpana ulioinuka pembeni kama ukingo wa kofia, mikeka minene ya nyasi sakafuni, na milango. Milango ile! Haikufunguka kama milango ya watu. Ilisukumwa kando ikateleza juu ya reli ya mbao, na badala ya ubao ilikuwa na fremu za vijiti vyembamba zilizobandikwa karatasi nyeupe. Asubuhi jua likiipiga, chumba kizima kiling'aa ukadhani umo ndani ya yai. Wafanyakazi walikuwa na msemo wao, walioupokezana tangu enzi za Mzungu: "Mbele Mzungu, nyuma Mjapani, jikoni sisi." Nasi wa jikoni tulilala kwenye kota, chumba kimoja cha mabati nyuma ya bustani, mahali ambapo mgeni hakufikishwa macho.

Baba yangu Simiyu ndiye aliyekuwa fundi wa milango hiyo. Karatasi haivumilii nchi ya mvua. Hulegea, huchanika, hugeuka rangi ya chai. Kwa hiyo kila mwaka, mvua ndefu zikiisha, milango yote ilitolewa kwenye reli ikalazwa kwenye nyasi. Baba aliilowesha kwa kitambaa mpaka gundi ikalainika, akaivua karatasi kuukuu kama anayemenya kiazi kilichochemshwa, kisha akabandika mpya. Gundi ilikuwa uji wa muhogo, mzito, uliochujwa kwa kitambaa usibaki na donge. Na kabla hajaupaka, alikata jani la mshubiri ulioota nyuma ya kota yetu akakamulia humo yale maji yake machungu ya njano. Bila shubiri, mende na sisimizi huigeuza milango kuwa karamu. Hilo nililijua kabla sijajua a, e, i, o, u. Na nilijua pia, kwa kuonja, kwamba uji wa baba haulambiki. Baba alikuwa akiniangalia ninavyotema, anacheka bila sauti, mabega tu yakiruka.

Uhuru ulikuwa umeshakuja. DC wa wakati wangu alikuwa Mwafrika mwenzetu, mtu wa maneno machache na suruali zilizopigwa pasi zikasimama zenyewe. Mkewe, tuliyemwita Mama DC, ndiye aliyeishika nyumba, na kengele aliyotuitia ilikuwa ile ile ya Mzungu. Sheria ya upande wa nyuma aliishika kuliko kitabu cha dini: hapana kiatu kwenye mikeka. Siku moja mimi na mdogo wangu Wafula tulitumwa kumpelekea baba maji, naye akatokea ghafla akapaza sauti, "Vueni viatu nyinyi!" Wafula, mtoto wa miaka mitano ambaye hajawahi kuvaa kiatu tangu azaliwe, akaiangalia miguu yake, akauliza kwa heshima kabisa, "Nianze na upi, Mama?" Mpishi aliangusha kifuniko cha sufuria kwa kicheko. Sisi tulipelekwa bombani tukasuguliwa nyayo kwa brashi ya sakafu mpaka zikawaka moto. Nakisema kisa hiki kwa sababu nitarudi kwenye hayo mambo ya viatu.

Baba alikufa kwa kifua mwaka huo niliotaja. Alikohoa majuma machache, akanyamaza. Baba zetu wadogo walikuwa wamekwisha kugawana shamba la babu, wakasema baba alichagua kazi ya serikali basi serikali imzike. Kwa hiyo tulichokuwa nacho duniani ni kile chumba cha kota, na chenyewe si chetu. Matanga hayajapoa, Mama DC alifika mlangoni akiwa ameshika leso puani kama aliyekuja kutazama choo. Mama yangu, Nanjala, alikuwa anapepeta. Hakusimama.

"Pole sana, Mama Nekesa," alisema Mama DC. Nekesa ndiye mimi. "Lakini kota ni ya mfanyakazi. Na marehemu hafanyi kazi."

"Mimi nafanya," mama akajibu.

"Kazi gani? Ya milango? Hiyo ni kazi ya mwanamume."

"Milango haina macho, Mama DC. Haitajua ni mkono wa nani."

Mama DC alicheka kidogo, cheko la mtu aliyepewa bei asiyoitegemea. Ilikuwa hivi: Mkuu wa Mkoa alikuwa anakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na angekaribishwa kwenye chumba cha nyuma ili ashangae. Karatasi za mwaka uliopita zilikuwa zimeshachakaa, na mjini hapakuwa na mtu mwingine aliyeijua kazi. Akaweka sharti. Milango ikiwa safi siku mgeni atakapofika, kazi ni ya mama na kota tutakaa. Isipokuwa safi, tutafute kwetu, tulikokuwa hatuna. Mama akauliza karatasi. Akaambiwa ipo, imo ndani ya kasha la bati. Akauliza unga wa gundi. "Unga ni juu yako," akasema Mama DC. "Stoo ya serikali si ya majaribio." Akaenda zake, akatuachia harufu ya sabuni yake.

Unga tuliokuwa nao ulikuwa debe moja la muhogo, tuliloletewa na nyanya, mama yake baba, aliyelibeba kichwani mwendo wa siku nzima kwa ajili ya matanga. Ndio uliokuwa chakula chetu. Sasa fikiri wewe unayesoma umeshiba: ukiupika ule, watoto wanakula na wiki mbili baadaye wanalala barabarani. Ukiubandika, wana paa na hawana chakula. Mama alikaa akilitazama debe lile mchana kutwa. Jioni akafunga kanga kiunoni, akasema, "Utafanya yote mawili huu."

Na ulifanya. Alipika gundi asubuhi, nzito kama ugali uliokataa kukaza, akachuja, akabandika. Nami nilishika upande wa pili wa karatasi. Ilikuwa nyepesi kama ganda la kitunguu, lakini ngumu kuchanika, nasi tuliishusha polepole juu ya fremu, mama akiifuata kwa brashi ya baba kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Ukikosea, inajikunja. Ukiharakisha, inajikunja. Ikikauka hukaza yenyewe kama ngozi ya ngoma, na ukiigonga kwa ukucha inalia. Nilipomletea jani la shubiri siku ya kwanza, nilidhani nimefanya la maana. Alilishika. Akamtazama Wafula, aliyekuwa amechuchumaa karibu na sufuria kama paka karibu na mchinjaji. Kisha akalitupa jani kule majanini.

"Baba hutia," nikasema.

"Baba yako alikuwa na mshahara," akasema mama. "Mende watakula, watoto wangu watakula. Wangu kwanza. Mkuu wa Mkoa anakuja Jumamosi, na mende hawana mbio hivyo."

Basi kila siku kazi ikiisha, masalio ya sufuria yalikuwa yetu. Yalitiwa chumvi kidogo, yakachemshwa tena, tukala kwa vidole, sufuria tukaisugua kwa ulimi hata haikuhitaji kuoshwa. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mikono yetu siku zile haikuwa mitupu, na tuliilamba mpaka kiwikoni. Kama kuna mtu anayeona aibu kwa hilo, aone yeye. Mwenye njaa hana miiko. Hata leo nadai kwamba hakuna uji uliowahi kuwa mtamu kama gundi ya mama yangu.

Alhamisi milango ilikuwa imerudi kwenye reli yake, na chumba cha nyuma kiling'aa kuliko siku zote za baba. Mpishi alikuja akasimama kizingitini, mikono nyuma, akatikisa kichwa. "Nanjala, umemshinda marehemu," akasema, na mama akamjibu, "Usimwambie." Ijumaa askari wa boma akaja na habari. Mkuu wa Mkoa ameitwa Nairobi. Ziara imesogezwa majuma mawili mbele.

Niliuona uso wa mama ukipokea maneno yale. Haukubadilika. Alimshukuru askari, akarudi kota, akakaa kwenye kitanda, akasema peke yake, "Majuma mawili. Hapo hata konokono atafika." Kila asubuhi tulipanguza fremu kwa majivu na kuziba kila ufa kwa mafuta ya taa. Haikusaidia. Kikulacho ki nguoni mwako. Chakula tulikuwa tumekitia ndani ya mlango wenyewe. Sisimizi walitangulia. Mende wakafuata, wale wadogo wekundu wa stoo, wakala kwenye kila kijiti mahali gundi ilipokuwa nene. Ilipobaki siku moja, alfajiri ilipoingia chumbani ilipita kwenye matundu, na mikeka yote ilikuwa na madoa ya jua kama mwili wa mtu mwenye tetekuwanga. Karatasi ilikuwa imekwisha kwenye kasha. Unga ulikuwa umekwisha isipokuwa gao moja la mkono. Niliketi chini nikaanza kulia.

"Nyamaza," mama akasema. "Machozi yatalowesha karatasi. Niletee zile za sukari."

Sukari enzi hizo dukani ilifungwa kwa karatasi nzito ya buluu, na mama hakuwahi kutupa hata moja. Alizikunja chini ya godoro. Akachukua mkasi wa baba. Nilidhani atakata viraka vya mraba, kama vya suruali. Akatoka nje kwanza, akachuma jani la muhogo kutoka mche mmoja uliokuwa nyuma ya kota, lile jani lenye vidole, akaliweka juu ya karatasi akakata kuzunguka. "Tumewalisha mende muhogo," akasema, "basi milango iuvae." Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wetu ulikuwa karatasi. Alikata mchana kutwa. Kila tundu likapata jani lake la buluu, kubwa kwa kubwa, dogo kwa dogo, na kwa sababu mende hawali kwa mstari, majani yalitawanyika milangoni kama yaliyopeperushwa na upepo yakatua popote. Safari hii ule unga wa mwisho aliutia shubiri. Usiku ule hatukula kitu.

Mkuu wa Mkoa akaja. Mimi na Wafula tulijibanza nyuma ya mlango wa jikoni; mama alikuwa amesimama karibu na kizingiti, ameshika birika la chai. Mtu yule alikuwa mkubwa, na viatu vyake vilikuwa vikubwa zaidi, vya ngozi nyekundu, vimejaa tope la bustanini. Akavuka kizingiti navyo. Akakanyaga mikeka navyo. Nikamtazama Mama DC, nikisubiri aseme vua viatu. Alikuwa anatabasamu, meno yote nje. Wafula akaninong'oneza, "Huyu hasuguliwi?" Nikamfinya. Mgeni akaenda moja kwa moja kwenye milango, akagusa jani moja kwa kidole.

"Haya majani ni mazuri mno. Ya wapi?"

"Ya mti wa Kijapani, Mheshimiwa," akasema Mama DC bila kumeza mate. "Niliyachagua mwenyewe."

Mama akasogea na birika. Aliwamiminia chai, wote wawili, akajaza mpaka ukingoni bila kumwaga tone. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Sisi tulidhani tumepona.

Jumatatu mama aliitwa. Aliponiambia nimfuate nilijua kuna jambo, kwa sababu alijitanda kanga yake nzuri. Mama DC alikuwa kwenye veranda anakula papai. Alisema mama amemtia aibu, amemlazimisha kudanganya mbele ya mkubwa, milango imeliwa na wadudu kwa uvivu wa kutotia shubiri. Mama akamkumbusha kwamba sharti lilikuwa milango iwe safi siku ya mgeni, na mgeni aliisifu. "Aliisifu kwa sababu mimi nilisema," akajibu Mama DC. Halafu likatoka lile lililokuwa nyuma ya mengine yote: binamu yake alikuwa anakuja Ijumaa kushika kazi za nyumba, na kota aikute tupu.

Nilitegemea mama apige magoti. Wanawake wengi nimewaona wakipiga magoti pale verandani, na siwalaumu, kila mtu anajua mzigo wake. Mama akasema tu, "Sawa, Mama DC. Nitaondoka. Sitakuachia kitu changu hata kimoja."

Asubuhi ya Ijumaa alifunga nguo zetu kwenye shuka, akaweka ile sufuria ya gundi juu. Kisha akachukua ndoo ya maji na kitambaa, akaenda chumba cha nyuma, akaanza kuilowesha milango. Aliilowesha kama baba alivyofanya kila mwaka, bila haraka, mlango baada ya mlango, akaivua karatasi ikiwa nzima, akaikunja, akaipanga juu ya meza. Kisha akazisugua fremu kwa maji mpaka uji wote ukatoka, mweupe, ukichuruzika kwenye ndoo. Mimi nilibeba ndoo nikaenda kuimwaga nje, kwenye mche wa muhogo. Upepo wa kilimani uliingia nyumba ile ukaanzia nyuma ukatokea mbele, ukapeperusha mapazia ya Mzungu, ukazima jiko la mpishi. Hapo DC mwenyewe alikuwa amekuja kula chakula cha mchana. Akasimama kizingitini, mkewe nyuma yake, askari nyuma ya mkewe.

"Unafanya nini, mama?" akauliza DC.

"Natoa unga wangu, Bwana DC."

"Unga gani?"

"Karatasi ni ya serikali, iko hapo mezani, nimeikunja. Fremu ni za serikali, hizo. Kilichozishikanisha ni unga wa mama mkwe wangu. Niliambiwa unga ni juu yangu. Basi naondoka nao."

Mama DC akapiga kelele, "Askari, mkamate!" Askari akamtazama DC. DC akatazama meza, akatazama fremu, akatazama ndoo. Nimemsema mtu yule vibaya maisha yangu yote, lakini jibu lake nitalisema kama lilivyokuwa. Alimgeukia mkewe akauliza, "Nitamwandikia kosa gani? La kuosha milango?" Askari alikohoa kikohozi kisicho cha kifua. DC akaenda kula chakula chake, ambacho nadhani kilikuwa kimepoa. Majani ya buluu yalibaki kwenye zile karatasi zilizokunjwa. Mama alijaribu kuyabandua, lakini shubiri na gundi vilikuwa vimeyashika, akasema tuyaache, muhogo haukosi majani.

Kisha tukatoka. Hatukutoka kwa mlango wa jikoni. Mama alijitwika mzigo na sufuria, akavuka kizingiti, akapita ukumbi wa Kizungu, akapita mahali pa kuotea moto, akashuka ngazi za mawe za veranda, mahali ambapo mfanyakazi hajawahi kukanyaga akiwa ameinua kichwa. Mimi nilimfuata, na Wafula akaja mwisho, miguu imelowa maji ya unga, akiacha alama nyeupe za nyayo kwenye sakafu iliyong'arishwa kwa nta, moja moja, mpaka nje.

Sitawachosha na yaliyofuata. Tulilala kwenye baraza ya soko. Mama alipikia wachukuzi uji kwa sufuria ile ile, nami nikaacha shule nikateka maji. Watoto wa mjini walituimbia, "Watoto wa karatasi, mvua inakuja!" Watu wazima walipomwambia mama, aliye juu mngoje chini, akawajibu, "Mimi simngoji, nina kazi." Kazi hiyo ndiyo iliyonifikisha hapa. Nilikuja Doha kuosha vyombo vya watu. Nikajifunza kushona mapazia jikoni kwa tajiri wangu wa kike, naye ndiye aliyekuwa kafili wangu, yaani mdhamini wa kibali changu cha kazi, na baadaye akawa mshirika katika biashara. Kutoka kwenye mapazia nikaingia kwenye karatasi za ukutani. Wanaume walinicheka. Wengine sasa wanafanya kazi kwangu. Nina kanuni moja tu kwa vijana wangu: hakuna anayekoroga gundi kabla hajala. Kijana mmoja Mganda aliniambia, "Madam, hii gundi ni ya pakiti, hailiwi." Nikamwambia, "Ndiyo maana unakula kwanza. Kaa chini."

Nimebandika karatasi katika nyumba za Lusail, mji mpya jirani na Doha, ambazo zina nguzo za Kirumi mbele, bustani ya mawe nyuma, na majilisi, sebule ya wageni ya Kiarabu, katikati. Nyumba za mchanganyiko hazinitishi. Nimezaliwa nyuma ya moja. Na huko Lusail nikifika mlangoni navua viatu, kwa sababu mwenye nyumba mwenyewe amevua vyake kwanza. Hiyo ni adabu. Ile ya kilimani, ya kumsugua mtoto pekupeku na kumwacha mkubwa akanyage na tope, sikuiita adabu nikiwa na miaka minane na siiiti leo. Wapo wanaoniambia, wengine wasomi wazuri tu, Mama, acha kinyongo, nyumba ile ni urithi wetu sote. Vizuri. Urithi wa sote uandikwe majina ya sote.

Sela alipoikuza ile picha kwa vidole, nikaona milango. Imebandikwa upya, nyeupe, safi. Na juu yake, yametawanyika kama yaliyotua kwa upepo, majani ya buluu yenye vidole. Mgeni aliyasifu, basi Mama DC akayaendeleza mwaka hadi mwaka, hata pasipokuwa na tundu, na waliokuja baada yake wakafikiri ndivyo milango inavyotakiwa kuwa. Sela akanisomea maelezo: majani ya mti wa Kijapani, yanayoonyesha jinsi tamaduni mbili zilivyokutana. Nilicheka mpaka kinyozi wa chini akagonga dari yake kwa fimbo. Nikamweleza mtoto yote. Akaniuliza, "Kukhu, niwaandikie?" Nikamwambia waandikie. Ameandika, hawajajibu. Wasijibu. Desemba tunakwenda, mimi naye, na tutaingia kwa mlango wa mbele.

Watu wa kwetu mtu akimaliza kusema humuuliza, sasa una nini? Nina duka la mapazia hapa Fereej Bin Mahmoud, na karakana Industrial Area. Nina magari mawili ya kubebea mizigo, moja bovu. Nina mabinti wawili, mmoja muuguzi, mmoja mkaidi kama mimi. Nina shamba la muhogo nyumbani, na ndani yake nyumba ya mawe niliyomjengea mama, alikokufa akiwa ameshiba. Nina brashi ya baba. Nina sufuria moja, imetoboka, siiuzi. Na yale majani ya buluu kwenye milango ya nyumba ile, yote.